Chano cha Nibutani: nakshi safi, kubebea kahawa hapana

Mpwa wangu alipelekwa Japani kusomea kilimo, akaniletea chano cha mbao. Kipo barazani kwangu Mkunazini, Unguja, tangu Mfungo Tatu, na kwa kuwa mimi ni fundi wa milango, wengi wameniuliza nakionaje.

Kimetoka Nibutani, kijiji cha mji wa Biratori, kisiwa cha Hokkaido. Biratori ni mji wa wakulima kandokando ya mto Saru: nyanya za kwenye mabanda ya plastiki na ng'ombe wa nyama. Lakini Nibutani wengi wana asili ya Waainu, waliokuwapo Hokkaido kabla Wajapani hawajahamia kwa wingi.

Ubao ni wa mti wa jozi, kipande kimoja, hakuna kiungo. Juu yake kuna mizingo inayojikunja, miba, na maumbo kama jicho. Penye nafasi baina ya hayo pamejazwa nakshi ya magamba ya samaki, na hapo ndipo fundi alipoonesha kazi. Amepiga kwanza mistari ya mshazari ikakatana, kisha kila kijipande akakiparuza upande mmoja tu ili upande wa pili usimame. Nimevaa miwani nikayatazama moja moja: hakuna mawili yaliyo sawa kabisa, na pembeni kabisa kisu kimeteleza kidogo. Mashine haitelezi hivyo. Sisi samaki tunamweka chini ya mlango na magamba yake tunayapiga kwa patasi ya mviringo, pigo moja gamba moja. Yetu ni haraka zaidi. Yao yanashika mwanga vizuri zaidi, lazima niseme.

Maana ya miba na macho sikupeni. Nimewasikia mno watembeza wageni hapa Mji Mkongwe wakieleza minyororo iliyochongwa kwenye milango yetu, kila mmoja na hadithi yake.

Mpwa alinionesha picha za vyano vya zamani alizopiga kwenye makumbusho ya Nibutani, na mizingo ni ile ile. Makumbusho ya kwanza pale yalifunguliwa 1972 kwa vyombo alivyokusanya marehemu Kayano Shigeru, mwenyeji wa hapo na mchongaji pia. Mwaka 1994 akawa Muainu wa kwanza kuingia bunge la Japani. Yeye na mwenzake ndio walioshitaki kwa ardhi iliyochukuliwa kujengwa bwawa la Nibutani. Mwaka 1997 mahakama ya Sapporo ikaamua kwamba ilichukuliwa kinyume cha sheria, ila bwawa limeshajengwa, basi likaachwa. Haki ya namna hiyo nayo!

Bei ni kali: yeni 30,000 na ushei kwa kitu kisichozidi shubiri mbili. Tangu 2013 serikali yao imevitambua vyano vya Nibutani, pamoja na kitambaa chao cha gome la mti, kuwa kazi za mikono za asili, za mwanzo kutoka Hokkaido. Kwangu mimi bei hiyo ni halali. Hapa mjini kijisanduku cha nakshi ya mashine kinauzwa kwa jina la kazi ya mkono, na fundi wa kweli analazimishwa kushusha bei akifuate.

Sasa matumizi. Ukingo wake ni mfupi, vikombe vya kahawa vinateleza. Chenga za kashata zinaingia kwenye magamba na hazitoki mpaka kwa mswaki mkavu. Maji usikitie; changu hakina vanishi. Mke wangu keshakiondoa kwenye kahawa, anakiwekea tasbihi na funguo, na hapo kinafaa.

Anayekwenda huko akuletee kilicho kidogo, ila akigeuze kwanza: nyuma paonekane alama za kisu. Wageni kumi wa kahawa, nenda Darajani ukanunue sinia la bati.