Risasi za kale za Winchester: boksi zima au moja moja?

Winchester ya New Haven, Marekani, ilitengeneza bunduki na risasi zake pia, ndiyo maana wakusanyaji wanazigombania. Kwa thamani, mimi nasimama na boksi. Chukua boksi la risasi 50 za .44 W.C.F. (Winchester Center Fire, yaani risasi inayogongwa katikati ya kitako), aina iliyotoka mwaka 1873 pamoja na bunduki yake. Ni la vipande viwili, kifuniko na kitako, na mengi ya zamani yalizungushiwa lebo pale yanapokutana, hivyo hulifungui bila kuichana. Lebo nzima, rangi haijapauka, kona hazijalika? Bei inapaa. Ikichanika inashuka, hata kama risasi zote zimo. Shida yake ni kadibodi: unyevu ukiingia, umeumia.

Moja moja ni nafuu, na ndipo pa kujifunzia. Geuza kitako cha ganda usome herufi zilizogongwa hapo. Herufi H kwenye risasi ndogo za Winchester inamkumbuka Henry, aliyebuni bunduki iliyotangulia zile za kampuni hiyo. Tafadhali usiing'arishe! Ule weusi wa shaba ni umri wake, ukiusugua umeifuta bei kwa mkono wako. Na ulizia kibali kabla ya kununua, kwani baruti bado imo ndani.