Ajono ya Malaba kwa mdomo uliolelewa na mnazi

Kwetu ni Kaloleni, Kilifi. Nimekua nikiona mgema akipanda alfajiri na kupanda tena jioni, na tembo la mti mmoja nalitofautisha na la mti wa pili kwa kuonja tu. Nilipohamishiwa Malaba kushughulikia karatasi za malori yanayovuka kwenda Uganda, nilijua mnazi, yaani tembo letu hilo, ndio nimeuaga. Mnazi hausafiri. Ukiteremshwa asubuhi ukiwa mtamu, jioni umeshakuwa mwingine, kesho yake ni mkali, na ukiendelea kukaa unageuka siki. Hakuna basi litakaloufikisha mpakani ukiwa salama.

Miezi ya mwanzo nilikunywa kegi, ile bia ya pipa iitwayo Senator, kama watu wengi wa huku. Sina ugomvi nayo. Senator ilitolewa mwaka 2004 iwe bia ya bei ya chini, mtu wa mfuko mdogo apate kitu safi badala ya kukimbilia chang'aa, pombe kali ya kienyeji. Tangu kiwanda cha Kisumu kilipofunguliwa upya mwaka 2019, wakulima wa mtama wa Nyanza na Magharibi wana mahali karibu pa kupeleka mavuno yao. Nikiwa Kisumu, kikombe cha kegi na samaki wa kukaanga pale Dunga, upepo wa ziwa ukivuma, vinanitosha. Lakini kegi unaweza kuinywa umesimama, peke yako, umegeukia ukuta. Kwetu pombe hainywewi hivyo.

Jumamosi moja mwenzangu wa kazini, Mteso wa Amagoro, aliniambia, "Kaka, leo twende ukaonje ajono, pombe yetu ya wimbi, uache kunung'unika." Tukaenda nyumbani kwa mama mmoja ambaye kila mtu alimwita toto. Mwanzoni nilidhani wanamtania, kumbe toto kwa Kiteso ni mama. Nikasalimia "Yoga", nikapewa kigoda, nikaona chungu katikati na mirija inatoka mdomoni mwake kuelekea kila upande, mirefu kuliko mkono wangu.

Mrija haukunishangaza. Hata kwetu mnazi huvutwa kwa mrija wenye kichujio, lakini kila mtu na mboko yake, yaani kibuyu chake. Hapa watu sita tulikuwa na chungu kimoja. Ndani yake ukichungulia unaona uji mzito wa rangi ya udongo, wimbi lenyewe, na toto anamimina maji ya moto juu yake. Moto kweli, si vuguvugu. Unasubiri kidogo, kisha unavuta taratibu.

Ladha ya kwanza ni moshi, halafu uchachu, halafu kitu kama ukoko wa mkate uliobanikwa. Utamu wa mnazi haupo. Nilivuta mara tatu kabla sijaamua kama naipenda, na mara ya nne nikawa nimeshaamua. Joto lake linashuka kifuani polepole, na Malaba ikinyesha jioni hakuna kinywaji kingine ninachokitaka. Chungu kikipungua maji yanaongezwa, na kila mmimino una ladha yake: wa kwanza mzito, wa pili ndio mtamu kuliko yote kwa maoni yangu, wa nne ni wa mazungumzo zaidi kuliko pombe. Kichwa hakinigongi asubuhi. Siku hiyo watano tuliokuwa pamoja tulichanga shilingi 100 kila mmoja, mzee mmoja hakulipa wala hakuna aliyemuuliza, na tulikaa mpaka giza likaingia.

Nilimuuliza toto ule moshi unatoka wapi, naye akanieleza kwa furaha ya mtu anayeipenda kazi yake. Unga wa wimbi unakandwa na maji kidogo na kufunikwa siku kadhaa hadi uchachuke. Kisha unakaangwa kwenye bati pana juu ya moto wa kuni, ukigeuzwa bila kupumzika hadi ubadilike rangi, halafu unaanikwa juani ukauke kabisa. Ukiwa mkavu hivyo unaweza kuwekwa miezi. Siku ya kupika unaloweka, unatia kimea, yaani wimbi lililooteshwa, likaanikwa na kusagwa, na baada ya siku chache ajono iko tayari. Kwa hesabu zangu, chungu kile nilichokinywa jioni moja kilikuwa kimemgharimu zaidi ya majuma mawili. Mgema wetu hukwea na kuteremka na tembo lake siku hiyo hiyo. Tangu siku hiyo sijawahi kumwomba toto anipunguzie bei.

Mzee aliyekaa kulia kwangu ndiye aliyenifundisha adabu. Usipulize ndani ya mrija. Usichungulie chunguni ukiwa unavuta. Mirija ikiwa michache kuliko watu, vuta kiasi kisha umpe jirani bila kungoja aombe. Akaniambia pia kwamba kijana na mama mkwe wake hawanywi chungu kimoja, na hapo nilielewa, kwa sababu heshima ya mkwe hata kwetu ni hiyo hiyo. Nilipoinuka kuondoka nilisema "Eyalama noi," na wote wakaitikia.

Nimeonja na vya wengine, nisije nikaonekana nimefumba macho. Busaa ya Kakamega ni ya mahindi na kimea cha wimbi, imechujwa, unapewa kwenye kikombe. Inashibisha kama uji na inafaa mtu aliyetoka shamba, ila mimi inanijaza tumbo kabla haijanifikia. Muratina niliinywa Nakuru kwenye mahari ya rafiki yangu Mkikuyu. Ile ya asali, iliyochachushwa kwa tunda kavu la mwegea, ni tamu sana na ndiyo iliyonikumbusha nyumbani kuliko zote. Lakini ni pombe ya shughuli. Huendi tu jioni ukaiomba. Chang'aa sigusi. Sheria ya mwaka 2010 iliruhusu itengenezwe kwa leseni na kufungwa kwenye chupa, lakini ile ya kupimiwa gizani hujui muuzaji ametia nini, na watu wamepofuka na kufa nchi hii kwa sababu ya methanoli.

Ajono nayo ina hatari yake, na hili nalisema kwa uchungu. Kuna mahali karibu na stendi nilipoingia siku moja kwa sababu nilikuwa na haraka. Maji yalikuwa vuguvugu, mirija ilitolewa kwenye ndoo moja na kurudishwa ndoo hiyo hiyo, na mimi nilinyamaza nisionekane mgeni mwenye maringo. Nililala chini siku mbili, tumbo likinikata. Kwa hiyo nawaambia wageni wenzangu wazi: maji yasipotoa mvuke, ondokeni. Na nunueni mrija wenu. Mingi ya siku hizi ni ya plastiki yenye kichujio cha bati nchani, unausuuza wako kwa maji ya moto na kuutundika ndani. Wazee hawakasiriki ukija na wako, maana na wao wengi wanakuja na yao.

Jambo jingine ni saa. Baa zenye leseni ya kawaida huuza kuanzia saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi, na kuanzia saa 8 mchana mwisho wa wiki. Toto anafuata saa hizo hizo nyumbani kwake, na akiona mtu amezidiwa anamwondolea mrija mkononi bila maneno. Nimemwona akimfanyia hivyo mtu mwenye pesa zake mkononi, na ni hapo nilipomwamini kabisa.

Desemba nakwenda Kaloleni. Toto amekubali kuniuzia kilo nne za ule unga uliokaangwa, na chungu nitanunua huko huko kwetu. Amenionya kimea nikifunge kwenye mfuko wa peke yake na nisikiache kipate unyevu njiani, maana nikifika Mombasa na joto lake kitakuwa kimeharibika. Baba ameahidi kuweka mboko ya mnazi wa asubuhi kando ya chungu, na maji ya moto nitamimina mwenyewe.