Riwaya za Kiswahili za Kununua Kwanza, kwa Msomaji wa Nyanda za Juu Kusini

Mwongozo huu ni wa msomaji wa Mbeya, Iringa au Njombe ambaye kwa mwezi anaweza kutenga fedha ya riwaya moja tu. Nimezipanga kwa kigezo kimoja, nacho ni hamu ya kuirudia riwaya baada ya kuimaliza. Mitihani sikuijali, kwa kuwa vitabu vingi tulivyovisoma shuleni kwa kusaka dhamira na wahusika tulivichukia bila vyenyewe kuwa na kosa.

Ya kwanza ni Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa Raza, mwanamume aliyemzidi umri mno, anaikimbia ndoa hiyo na hatimaye kujikuta karibu na Denge, kijana anayepigania uhuru katika Unguja ya wakoloni. Siasa yake ni nzuri, lakini kinachonirudisha humo ni mazungumzo, maana kila mhusika ana ulimi wake na hakuna anayesimama kutuhutubia. Niliisoma mara ya kwanza mwezi wa Juni nikiwa Uyole, nimejifunika mablanketi mawili, nikawaonea wivu wahusika kwa joto lao.

Ya pili ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, ambayo wakati fulani ilipigwa marufuku shuleni. Siwezi kusema kwamba inafurahisha. Zakaria, mlevi anayempiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana, ni baba ambaye wengi wetu tumewahi kumsikia akifoka nyumba ya pili, na ukweli huo ndio unaoumiza. Inunue, ila usimpelekee zawadi mtu aliye katika majonzi.

Nafasi ya tatu naipa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Kiswahili chake kinatiririka kiasi kwamba nilisahau kuwa Yusuf, mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, aliandikwa kwanza kwa Kiingereza.

Kwa safari ya treni ya TAZARA, chukua Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohammed Said Abdulla, ya mwaka 1960. Bwana Msa, mpelelezi wake, na kiko chake watakufikisha mbali kabla hujaanza kulalamikia ucheleweshaji.

Sasa nafika kwenye riwaya ambayo nitalaumiwa kwa kuisema vibaya, yaani Utubora Mkulima ya Shaaban Robert. Ninamheshimu mwandishi, na Kusadikika, ambamo Karama anajitetea barazani kwa siku sita, ningeiweka juu ya rafu yoyote. Lakini Utubora ni mwema mno hata shamba lake linanuka mawaidha kuliko udongo. Mtu aliyewahi kulima viazi Uporoto, akaamka asubuhi na kukuta ugonjwa wa baka jani umeunguza nusu ya shamba, atamtazama mkulima huyu kwa mashaka. Nagona ya Kezilahabi nayo ni fupi na bei yake inaweza kukuvutia. Iache mpaka uwe umekwisha kumzoea mwandishi, la sivyo utadhani kurasa zimechanganywa kiwandani.

Ukinunua vilivyotumika, kama vile vinavyopangwa chini kwenye turubai maeneo ya Mwanjelwa, fungua kitabu katikati uone kama gundi inashika, kisha tazama namba za kurasa, hasa kumi za mwisho. Mimi niliwahi kulipia Kichwamaji ya Kezilahabi iliyokatika kabla ya sura ya mwisho, na muuzaji hakuonekana tena mahali pale. Mwisho wa Kazimoto, mhusika wake mkuu, nilisimuliwa na abiria mwenzangu kwenye basi, tukiwa tunakaribia Makambako, naye alikuwa ameusahau nusu.