Programu ya grafu: kuchora inajua, kunyamaza imezidi

Nafundisha hesabu za sekondari, na programu hii ya kuchora grafu nimekuwa nayo kwenye simu tangu wanafunzi wangu waanze mada ya fankisheni za vipeo, zile ambazo x inakaa kwenye kipeo. Kwa mistari iliyonyooka na parabola sina neno. Ipe y = 2ˣ na jamaa zake ndipo utaijua vizuri.

Tuanze na mazuri. Andika y = 2ˣ − 8, mchoro unatokea papo hapo. Ukiugusa, zinajitokeza nukta mbili: (0, −7) na (3, 0). Zote sahihi. Ile ya mhimili wa y haihitaji hata simu: x ikiwa 0, 2⁰ ni 1, toa 8, imebaki −7. Lakini wapo wanaoona y = 5·2ˣ − 8 wakakimbilia kuandika 5 kwa sababu ndiyo namba iliyotangulia. Nukta ya programu inakaa kwenye −3, na ubishi unaisha hapo. Kwa hili naisifu kweli.

Upande wa mhimili wa x ni habari nyingine. Niliipa y = 4·3ˣ⁻¹ − 7, ikanijibu (1.509, 0). Basi. Kuna kitufe kimeandikwa "hatua", lakini ukikibonyeza kinafungua jedwali la thamani, hatua hakuna. Mwanafunzi atanakili 1.509 na kukosa alama zote za njia, maana mtahini anataka kuona 3ˣ⁻¹ = 7/4, kisha logi pande zote mbili, hadi x = 1 + log 1.75 ÷ log 3. Hiyo ndiyo hesabu yenyewe, 1.509 ni makadirio yake tu.

Sasa y = 2ˣ peke yake. Ukifika x = −8 kwenda kushoto, mchoro umelala juu ya mhimili kabisa. Thamani pale ni 1/256, nyembamba kuliko unene wa mstari unaochorwa, kwa hiyo darasa zima linaapa kwamba umegusa. Nashukuru programu inaruhusu kukuza mhimili wa y peke yake: tanua vidole wima na mwanya unaonekana. Endelea kushoto, utaonekana umefungwa tena; kuza tena, upo. Somo zuri la asimptoti, yaani mstari ambao grafu inausogelea bila kuugusa, na sijaona ubao unaoweza kulifundisha hivyo.

Kisha jedwali linaharibu kila kitu. Weka x = −1100, linaandika 0. Sababu si ngeni: namba za desimali ambazo kompyuta hutumia kwa kawaida, za biti 64, haziwezi kushika namba chanya iliyo ndogo kuliko 2 kwa kipeo cha −1074, na kinachozidi hapo kwa udogo huishia sifuri. Vikokotoo vya mkononi ambavyo kipeo chao cha kumi kina tarakimu mbili tu huchoka mapema zaidi, 2⁻³⁴⁰ tayari ni 0. Naelewa mashine ina mipaka. Lakini 2ˣ haifiki sifuri kamwe, na programu ya kufundishia ingeandika "ndogo mno" badala ya kumpa mtoto ushahidi wa uongo.

Kinachoniudhi zaidi ni ukimya wake. Kwa y = 2ˣ + 5 hakuna nukta yoyote kwenye mhimili wa x, na ni sawa, haipo. Kwa y = 2ˣ − 1000000 nako hakuna nukta, ila hapa ipo, karibu na x = 19.93, nje ya kioo tu. Mwanafunzi atazitofautishaje? Inatosha kutazama alama: kwenye y = a·bˣ + k, a na k zikiwa na alama tofauti grafu inakata mhimili wa x; zikifanana, au k ikiwa 0, haikati. Kompyuta inakagua hilo kabla hujanyanyua kidole, na sentensi moja chini ya mchoro ingetosha.

Nyota tatu. Haina matangazo, inafanya kazi bila intaneti, na hata simu ya zamani inaimudu. Kwa darasani, waambie kwanza waandike kwenye daftari kama grafu inakata au haikati, ndipo wafungue simu.