Chura wa Kihansi: tumlinde kwa faida yetu au kwa haki yake?

Chura huyu ni wa manjano, hazidi sentimita 3, na huzaa watoto badala ya kutaga mayai. Makao yake yalikuwa sehemu moja tu duniani: manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, Tanzania.

Hoja ya kwanza inamweka binadamu mbele: tutunze kinachotufaa. Siibezi. Mitambo ya umeme ya bwawa la Kihansi ina uwezo wa megawati 180, na huwezi kumwambia mama anayejifungua kwa mwanga wa kibatari kwamba asubiri kwa ajili ya chura. Ila kwa kipimo hicho, kiumbe asiyeuzika wala kulika hana mtetezi kabisa.

Hoja ya pili inasema uhai wake una thamani hata asipotufaa kwa lolote. Mimi naegemea hapa, bila kutaka bwawa libomolewe. Mwaka 2000 maji mengi yaligeuzwa kwenda kwenye mitambo, manyunyu yakakatika, na mwaka 2009 chura akatangazwa kuwa ametoweka porini. Sisi ndio tuliomkatia maji. Deni ni letu. Bahati nzuri mamia yao yalikuwa yamepelekwa mapema Marekani, yakazalishwa katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Mwaka 2012 wazao wao walianza kurudishwa korongoni, ambako sasa mabomba huwanyunyizia maji ambayo zamani mto wenyewe uliwapa.