Miezi miwili ya Mirihi na upanga mmoja: uzoefu wangu

Nimemaliza "A Princess of Mars" ya Edgar Rice Burroughs ndani ya boti, baina ya bandari ya Malindi, Unguja, na Mkoani, Pemba. Tulipofika mkondo wa Nungwi, watu wanaanza kuomba mifuko ya kutapikia, mimi nilikuwa nimekwisha hama, niko Mirihi, sayari yenye miezi miwili angani. Hadithi hii ilitoka kwanza kwa mfululizo jaridani mwaka 1912, ikawa kitabu 1917. Hakimiliki yake Marekani imekwisha, kwa hiyo nilikipakua bure kwenye simu.

John Carter, askari wa Virginia, anajikuta Mirihi. Kule mtu wa kilo 70 hujiona kama wa kilo 27 hivi, maana mvuto wake ni kama asilimia 38 ya wetu. Basi jamaa anashambuliwa kwa mkuki, anaruka kujiokoa, na mruko wenyewe unampeleka futi 30 juu na futi 100 mbele! Hapo ndipo kitabu kiliponinasa.

Lakini utamu hasa ni panga. Watu wa Mirihi wana meli zinazopaa na bunduki zinazopiga mbali mno, na bado kila mwanamume ana upanga kiunoni. Kisa ni mila yao: katika ugomvi wa watu wawili, huruhusiwi kujibu kwa silaha kubwa kuliko uliyoshambuliwa nayo. Bunduki ingemaliza mambo kwa mstari mmoja. Upanga unawasogeza wakaonana macho, ukajua mkono wa nani umeanza kuchoka. Kwetu upanga si kitu kigeni, bwana harusi huushika akiwa na joho lake. Na utotoni Wete tulipigana kwa pongoo za mnazi, sheria ikiwa hiyo hiyo: mwenye upongoo hapigwi jiwe. Aliyevunja hakuchezeshwa tena.

Kuna pia Woola, mnyama wa miguu kumi aliyewekwa kumlinda Carter asitoroke, akaishia kumpenda. Umeme ulipokatika nilimsimulia mpwa wangu kipande hicho kwa Kiswahili. Kila usiku swali lake la kwanza ni moja: "Mjomba, Woola yu hai?"

Kasoro zipo. Dejah Thoris, binti wa kifalme, anaingia akisema maneno ya busara mbele ya maadui, halafu kazi yake inakuwa kutekwa na kuokolewa. Na katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Carter alipigania upande wa Kusini, uliotetea utumwa, mwandishi akapita kama hakuna kitu. Mimi ni mtu wa visiwa ambavyo soko lake la watumwa lilifungwa 1873, pale paliniuma.

Nakipa nyota nne kati ya tano. Cha pili, "The Gods of Mars", kimo kwenye simu tayari, ila mpwa wangu kanipa sharti nisikifungue bila yeye.