Tandiko la Sufu Juu ya Godoro: Raha Ndiyo, Kuubeba Mgongo Hapana

Ndugu watazamaji, karibuni. Hili lililo mbele yangu ni tandiko la sufu ya kondoo, lenye unene wa sentimita 5 hivi, ambalo hutandikwa juu ya godoro kisha likafunikwa kwa shuka. Wengi wenu mnaoniuliza kuhusu matandiko haya mnasumbuliwa na maumivu ya mgongo, kwa hiyo nitaanza na jibu lenu: sufu humpa mlalaji raha, lakini haimbebi. Kuubeba mwili ni kazi ya springi, ya mpira au ya sponji nzito iliyo chini, na godoro lililokwisha kubonyea katikati litabaki hivyo hata ukilitandikia sufu ya bei kubwa, kwa sababu sufu italala kwa kufuata shimo lile lile na nyonga zako zitazama kama zamani.

Tazameni hapa kwenye kona, nilipofungua zipu. Kila uzi wa sufu umejikunja mawimbi mawimbi, na nikiibonyeza kwa ngumi inashuka, nikiiachia inainuka tena taratibu. Mikunjo hiyo ndiyo inayoshika hewa na kumpunguzia shinikizo la bega na nyonga mtu anayelala ubavu. Hata hivyo, uzito wa mwili huishindilia, hasa miezi ya mwanzo, na mahali unapolala huwa pembamba na pagumu kidogo kuliko kingo. Hiyo ndiyo tabia ya sufu, wala si kasoro ya kiwanda. Ligeuzeni tandiko mara kwa mara, upande wa kichwa uende miguuni, na mchague lenye mishono ya miraba iliyokaribiana ili sufu isihame na kufanya mabonge.

Ninachokithamini zaidi ni namna inavyolipokea jasho. Nikidondosha tone la maji juu yake, linakaa kama ushanga, kwa kuwa magamba ya nje ya uzi huyakataa maji. Lakini mvuke wa jasho hupenya hadi ndani, na sufu huweza kubeba unyevu wa takriban asilimia 30 ya uzito wake kabla mkono haujahisi ubichi. Sponji haina uwezo huo, ndiyo maana wengi huamka mgongo umelowa. Isitoshe, sufu inapofyonza mvuke hutoa joto kidogo, na kwa sababu hiyo nawapendekezea bila kusita ninyi wa Limuru, Molo, Njombe na Makete. Ninyi wa Mombasa na Dar es Salaam, ambako hewa yenyewe imejaa unyevu, chagueni jembamba na mlianike mara nyingi penye upepo, la sivyo mtalihisi zito na lenye joto.

Kabla ya kulipa, ombeni nyuzi chache mzichome. Sufu halisi hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayovunjika kwa vidole, ilhali poliesta huyeyuka na kuganda kuwa kidonge kigumu. Na likishafika nyumbani, msiliingize kwenye mashine yenye maji ya moto, kwa maana nyuzi zitashikana, tandiko litasinyaa, na halitarudi tena katika kipimo chake.